Amplifaya ya Besi Inayokata, Kuchemka au Kupungua Nguvu: Kutafuta Kosa Kwenye Omu za Maboksi

Amplifaya ya besi inapokata sauti katikati ya wimbo, watu huishuku amplifaya yenyewe kwanza, na mara nyingi hufunguliwa kabla mtu yeyote hajageuza boksi la spika na kusoma kilichoandikwa nyuma yake. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Unaanza kwenye maboksi, unapita kwenye waya, na kuifikia amplifaya mwisho kabisa, kwa sababu dalili nyingi zitakazoelezwa hapa hutokana na mzigo ambao amplifaya imebebeshwa na wala si ubovu uliomo ndani yake. Wanaosumbuliwa zaidi na jambo hili ni bendi na kwaya zinazokodi vyombo au kukusanya maboksi kutoka kwa wenyewe mbalimbali, ambapo boksi moja lilinunuliwa kwa ajili ya amplifaya fulani na la pili kwa ajili ya nyingine, kisha yote mawili yakaunganishwa pamoja kwa kuwa tu plagi zinaingia.

Namba za kusoma kabla ya kugusa kitu kingine

Karibu na soketi ya boksi huandikwa namba mbili. Namba ya wati hueleza nguvu ambayo spika zinaweza kuhimili bila kuungua. Namba ya pili, yenye alama Ω, ni omu, nayo hueleza impedansi, yaani ukinzani wa spika dhidi ya mkondo wa sauti unaotoka kwenye amplifaya. Kwa maboksi ya besi namba hiyo kwa kawaida ni 8 au 4, na mara chache 16. Ni namba ya makadirio, kwa kuwa ukinzani halisi hupanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa, lakini ndiyo inayotumika katika hesabu zote za kuunganisha.

Nyuma ya amplifaya, kando ya soketi za spika, tafuta namba ya kima cha chini, kwa mfano 4 Ω MIN. Kwa amplifaya za transista, zikiwemo zile ndogo nyepesi za siku hizi za daraja D (Class D, muundo unaopoteza umeme kidogo kama joto), maana yake ni kwamba mzigo wote kwa pamoja usishuke chini ya omu 4. Mzigo wa juu zaidi, kama omu 8 au 16, hauidhuru amplifaya ya transista. Huipunguzia tu nguvu. Amplifaya za valvu, yaani zile zinazotumia taa za kioo badala ya transista, zina kanuni zake, na zitaelezwa peke yake hapo mbele.

Amplifaya haihesabu maboksi. Inachokiona ni jumla moja ya omu. Soketi mbili za spika nyuma ya amplifaya karibu kila mara zimeungwa sambamba ndani (chanya kwa chanya na hasi kwa hasi), na kadhalika soketi mbili nyuma ya boksi. Hapa wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba wakitoa waya kutoka boksi la kwanza kwenda la pili, badala ya kutoa waya mbili kwenye amplifaya, watakuwa wameyaunga kwa mfuatano (umeme ukipita boksi moja ndipo uingie la pili) na omu zitajumlishwa. Sivyo. Njia zote mbili ni sakiti sambamba, na jumla ya omu hushuka kila boksi linapoongezwa.

Hesabu yake ni nyepesi: zidisha omu za boksi la kwanza kwa omu za la pili, kisha gawanya kwa jumla yake. Maboksi mawili ya omu 8 hutoa omu 4, na mawili ya omu 4 hutoa omu 2. Boksi la omu 8 likiunganishwa na la omu 4 hutoa 32 gawanya kwa 12, yaani omu 2.67, na namba hiyo hiyo ndiyo inayopatikana kwa maboksi matatu ya omu 8. Iandike jumla hiyo kwenye kipande cha karatasi ya gundi na uibandike nyuma ya amplifaya, kwani saa ya kufunga vyombo, watu wakiwa wameshaanza kuingia ukumbini, si saa ya kufanya hesabu.

Amplifaya inajizima, kisha inarudi yenyewe

Dalili hii inastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa sababu ina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa nje: mzigo ulio chini ya kima, joto lisilopata pa kutokea, na umeme hafifu kutoka ukutani.

Chukua amplifaya ya wati 500 kwenye omu 4. Ili kutoa wati hizo, hupeleka kwenye spika takribani volti 45, na mkondo unaopita ni ampea 11 hivi. Sasa mtu akiongeza boksi la omu 8 juu ya lile la omu 4, mzigo unakuwa omu 2.67, na kwa volti zile zile amplifaya inadaiwa karibu ampea 17. Mpigaji hasikii dalili yoyote ya hatari. Kinyume chake, sauti imejaa na kila mtu amefurahi. Lakini transista za mwisho zinabeba mkondo ambao hazikupangiwa, joto linapanda, na sakiti ya kinga inakata sauti ili kuziokoa. Kinga hiyo ikifanya kazi vizuri, hasara ni aibu tu. Ikichelewa, au ikiwa amplifaya ni ya zamani na haina kinga ya kutosha, transista hufa, na transista iliyokufa inaweza kupitisha umeme wa moja kwa moja (DC) hadi kwenye spika na kuiunguza koili yake, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma.

Namna ya kuvitofautisha vyanzo hivi ni kuangalia ni wakati gani hasa sauti inakatika. Ikiwa inakatika pale tu noti nzito za chini zinapopigwa kwa nguvu, kwa mfano kamba ya E iliyo wazi, yenye mtetemo wa hezi 41, na kurudi sekunde chache baadaye, basi ni mkondo uliozidi, na mzigo ndio wa kushukiwa kwanza. Ikiwa inapiga vizuri kwa muda mrefu, kisha inazimika na kukaa kimya dakika kadhaa hadi bodi ipoe, ni joto, ingawa joto hilo lenyewe linaweza kuwa limeletwa na mzigo huo huo. Ikiwa inazimika kabisa pamoja na taa zake za mbele, au taa hizo zinafifia kila ngoma kubwa inapopigwa, geukia umeme wa ukutani.

Jaribio la kuthibitisha ni fupi. Zima amplifaya, chomoa boksi moja, iwashe tena, halafu piga wimbo ule ule huku kitufe cha sauti kuu kikiwa pale pale kilipokuwa. Ikistahimili, umepata jibu, na suluhisho ni kutumia boksi moja au kutafuta la pili lenye omu zinazofaa. Kupunguza sauti huku maboksi yote yakiwa yameunganishwa si suluhisho la kutegemewa, kwa sababu onyesho likipamba moto mkono wa mpigaji utapanda, na kitufe nacho kitapandishwa.

Ikiwa hata kwa boksi moja la omu 8 bado inakata, tazama feni na matundu ya hewa. Amplifaya iliyosukumwa hadi ikagusana na pazia la jukwaa, au iliyolazwa juu ya boksi huku matundu yakiwa yamezibwa na begi la gitaa, haiwezi kupoa hata mzigo uwe sahihi. Vumbi lililoganda kwenye feni nalo hufanya vivyo hivyo. Kuhusu umeme, kipimo cha kawaida kwetu ni volti 230, na stabilaiza yenye kioo cha namba itakuonyesha kinachotokea wakati muziki unapigwa, si wakati ukumbi uko kimya. Waya mrefu mwembamba wa kuvutia umeme kutoka mbali, ukiwa umebeba pia taa na amplifaya nyingine zote, hupoteza volti nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Jenereta ndogo nayo hulegea katika noti zile zile za chini ambazo besi inazitegemea.

Inakata papo hapo, au inaunguza fyuzi

Hapa usiendelee kujaribu kuiwasha. Omu ziko karibu na sifuri mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni kwenye waya.

Chomoa waya wa spika kwenye amplifaya, uache upande wa boksi ukiwa umechomekwa, kisha pima ncha iliyo huru kwa maltimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, ikiwa kwenye kipimo cha omu cha chini kabisa. Kabla ya hapo gusanisha ncha mbili za maltimita na usome inachoonyesha, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani mdogo, pengine omu 0.3, ambao ni lazima uutoe kwenye jibu. Usiguse koni ya spika, yaani ule uso wake unaotetemeka, wakati unapima, maana koili ikitikisika huzalisha umeme wake na kuiyumbisha namba.

Maltimita haitaonyesha 8 kwa boksi la omu 8, na hilo lisikutie wasiwasi. Inapima ukinzani wa waya wa koili peke yake, na kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Boksi la omu 4 husoma 3 hadi 3.5 hivi, na la omu 16 husoma 11 hadi 13. Twita, yaani ile spika ndogo ya sauti kali, haiingii katika kipimo hiki, kwa kuwa kapasita iliyo mbele yake huzuia umeme wa maltimita. Kwa njia hii unaweza pia kulitambua boksi la zamani ambalo kibandiko chake kimefutika, na huduma hiyo peke yake inatosha kumfanya kila mpiga besi awe na maltimita kwenye begi lake.

Ukisoma chini ya omu 1, chomoa waya upande wa boksi pia na uupime ukiwa peke yake. Ukiendelea kusoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana, na kwa kawaida zimegusana ndani ya jeki, yaani plagi ya waya, pale ambapo uzi mmoja wa shaba umechomoza wakati wa kulehemu. Waya ukiwa mzima, kosa liko ndani ya boksi.

Jambo jingine la kuangalia hapo hapo ni aina ya waya. Waya wa gitaa na waya wa spika vinaweza kuwa na jeki zinazofanana kabisa, lakini wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungukwa na wavu wa kinga, na haukutengenezwa kubeba ampea 11. Hupata moto, plastiki ya ndani hulainika, na siku moja uzi hugusa wavu katikati ya onyesho. Fungua kifuniko cha jeki uone: waya wa spika una nyaya mbili nene zinazolingana. Kwa urefu wa mita chache tumia unene wa milimita za mraba 1.5 au, ni bora zaidi, 2.5, kama ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme wa nyumba, mradi uwe ule wa nyuzi nyingi laini unaokunjika bila kuvunjika.

Sauti ni ndogo kuliko ilivyokuwa

Watu wengi, wakiwa na boksi moja la omu 8, huambiwa kwamba wanapoteza nusu ya nguvu na kwamba wanunue la omu 4. Hesabu ya wati ni kweli au inakaribia ukweli, lakini sikio halisikii wati kwa namna hiyo. Markbass Little Mark III, kwa mfano, hutoa wati 500 kwenye omu 4 na wati 300 kwenye omu 8. Tofauti hiyo ni desibeli 2 na kidogo tu, wakati ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu huhitajika desibeli 10 hivi. Kwa hiyo ikiwa besi yako ilisikika vizuri mwezi uliopita na sasa imezama chini ya ngoma, usilaumu omu 8. Kuna kitu kimeharibika.

Kuongeza boksi la pili linalofanana na la kwanza ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu unapata wati zaidi na pia eneo la koni linalosukuma hewa linakuwa maradufu. Hiyo ndiyo faida halisi ya kushuka kutoka omu 8 hadi 4, na ndiyo sababu ninamshauri anayenunua boksi lake la kwanza achague la omu 8, ili nafasi ya la pili ibaki.

Chunguza kama spika zote zinalia. Boksi la spika nne za inchi 10 lenye omu 8 mara nyingi lina spika za omu 8 zilizoungwa mbili mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo mbili zikaungwa sambamba. Spika moja ikiungua na waya wa koili ukakatika, mwenzake wa mfuatano hunyamaza pia ingawa ni mzima, na boksi lote linakuwa la omu 16. Maltimita itasoma takribani 12 pale ilipokuwa ikisoma 6. Weka kiganja karibu na kila koni wakati mtu anapiga taratibu: mbili zitatetemeka, mbili zitakuwa zimetulia tuli. Ukizifungua, pima kila moja ikiwa imechomolewa waya. Iliyoungua haitasoma kitu, na mara nyingi utasikia harufu ya gundi iliyoungua ukiikaribia. Mwenzake irudishe, haina kosa. Spika mpya iwe na omu zile zile zilizoandikwa kwenye sumaku ya ile ya zamani. Ukiweka ya omu 4 mahali pa omu 8 kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani, jozi inakuwa omu 12, boksi linashuka hadi omu 6.9 hivi, na spika hiyo mpya inapata nusu tu ya nguvu ya mwenzake.

Maboksi mawili, lakini besi imepungua badala ya kuongezeka

Hili si kosa la omu, ila hujitokeza siku ile ile ambapo boksi la pili limeunganishwa, na hivyo watu hulichanganya na omu. Waya wa boksi moja umegeuzwa, chanya ikawa hasi. Koni za boksi moja zinasukuma hewa wakati za jingine zinavuta, na noti za chini zinafutana hewani. Chukua betri ya volti 9, gusisha chanya ya betri na ncha ya jeki iliyo huru ya waya wa boksi, na hasi na mwili wa jeki hiyo, kwa kitambo kidogo tu. Koni za maboksi yote mawili ziende upande mmoja. Boksi linalokwenda kinyume, geuza nyaya zake.

Boksi moja linalia sana, jingine halisikiki au limeungua

Omu zikitofautiana, nguvu haigawanyiki sawa. Katika sakiti sambamba boksi la omu 4 hupokea mara mbili ya boksi la omu 8, yaani theluthi mbili za wati zote. Ikiwa boksi la omu 4 lina spika moja ya inchi 15 yenye uwezo wa wati 200, na la omu 8 lina spika nne zenye uwezo wa wati 600, basi lile dhaifu ndilo linalobebeshwa zaidi. Hata kama amplifaya inaruhusu omu 2.67, mchanganyiko huo si mzuri. Maboksi ya omu sawa hugawana sawa.

Sauti inakwaruza na kukatika ukigusa waya

Soketi chafu au plagi ya Speakon (plagi ya spika inayofungwa kwa kuzungushwa) ambayo imesukumwa bila kuzungushwa hadi ijifunge. Safisha, zungusha, endelea.

Amplifaya ya PA iliyotiwa kwenye daraja

Baadhi ya wapiga besi hutumia priampu (kifaa cha kukuza sauti ya gitaa kabla ya amplifaya) na amplifaya kubwa ya PA, yaani ya vyombo vya ukumbi, kisha huunganisha chaneli zake mbili kwa daraja (bridge, zote mbili zikiendesha boksi moja) ili kupata nguvu zaidi. Katika hali hiyo kila chaneli huona nusu ya omu za boksi. Amplifaya inayoruhusu omu 4 kwa chaneli huhitaji angalau omu 8 ikiwa kwenye daraja, na mtu aliyebadili swichi bila kubadili maboksi atapata dalili ile ile ya kujizima iliyoelezwa juu. Rudisha swichi kwenye hali ya kawaida kabla ya kumwita fundi.

Amplifaya ya valvu

Hapa kanuni inageuka, na kosa moja linaweza kugharimu transfoma nzima. Kati ya valvu na spika kuna transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo hutaka mzigo unaolingana na soketi au swichi iliyochaguliwa: boksi la omu 4 kwenye 4, la omu 8 kwenye 8. Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na wati 300, ilikusudiwa kuendesha maboksi mawili yenye spika nane nane za inchi 10. Kila boksi ni omu 4, kwa hiyo yote mawili ni omu 2. Spika za boksi hilo ni za omu 32, zote nane sambamba, na ndiyo maana moja ikiungua mzigo hupanda hadi omu 4.6 hivi tu na saba zilizobaki huendelea kulia. Kwa boksi la namna hiyo maltimita haitakuambia mengi, tumia kiganja.

Mzigo uliokosea kidogo, yaani nusu au maradufu ya ule uliochaguliwa, amplifaya nyingi za valvu hustahimili kwa muda, ingawa valvu huchakaa upesi zaidi. Jambo lisilostahimilika ni kupiga bila boksi lolote. Amplifaya ya transista isiyo na spika hukaa kimya tu bila madhara, lakini katika ile ya valvu nguvu isiyo na pa kwenda huzalisha volti za juu mno ndani ya transfoma, na cheche zinaweza kutoboa kinga ya waya wake au kuruka kwenye soketi za valvu. Kwa hiyo mtu akikanyaga waya wa spika ukachomoka, mpigaji aache kupiga papo hapo na aizime amplifaya kabla ya kuurudisha.

Ikiwa ilipigwa bila mzigo hata kwa wimbo mmoja, na tangu hapo inavuma, inaunguza fyuzi au sauti yake imekonda, usiifungue mwenyewe, kwani ndani yake hubaki volti mia kadhaa hata baada ya kuzimwa. Ipeleke kwa fundi anayefahamu valvu, na uipeleke pamoja na boksi lenyewe na waya ule ule uliochomoka, ili apime mzigo halisi kabla hajaweka valvu mpya.